Kuigeuza nyumba ya likizo ya Mombasa kwa kazi ya mafundi wa Pwani

Nyumba ya likizo ya Nyali, Shanzu au Likoni ina taabu ambayo nyumba ya kuishi haina: hukaa imefungwa wiki nenda wiki rudi, kisha siku moja hujaa watu kumi wenye nguo mbichi za kuogelea. Ikiwa imefungwa, hewa ya bahari hutulia ndani na kufanya kazi yake taratibu. Kabati la mbao za unga huvimba miguuni, bawaba hushika kutu, rangi ya plastiki hubanduka ukutani kama ngozi iliyoungua na jua, na magodoro hunuka uvundo. Fanicha iliyotengenezwa kwa ajili ya mji mkavu haidumu hapa, hata iwe ghali vipi.

Kazi ya mafundi wa Pwani imekulia katika hewa hii hii. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Boriti za mkoko zimeota kwenye maji ya chumvi. Mlango wa nakshi hutengenezwa na mtu anayejua kuwa mbao zitavimba masika na kusinyaa kaskazi, na kitanda cha kamba hupitisha upepo chini ya anayelala. Utaratibu wa kuigeuza nyumba ni ule ambao kazi yenyewe inautaka: maji na chumvi kwanza, halafu ukuta, dari, mbao, na kitambaa mwisho. Anayeanza na taa na vinyago, akavipanga mbele ya ukuta unaotoka chumvi, atavishusha vyote baada ya mwaka ili mwashi apate kupita.

Wenye nyumba wengi huja na picha za nyumba za likizo za Meksiko: kuta za chukum za rasi ya Yucatán, vigae vya Talavera vya Puebla, mazulia ya sufu yanayofumwa Teotitlán del Valle huko Oaxaca. Ni kazi nzuri mno, na zina jambo la kutufunza. Chukum ni chokaa iliyotiwa maji ya gome la mti unaoota pale pale. Mwashi wa Yucatán ametumia kilicho jirani yake. Jirani ya mwashi wa Mombasa pana chokaa, mkoko, mwarobaini, ukindu na pamba ya leso. Zulia la sufu likifungiwa chumbani Nyali miezi mitatu, nondo na kuvu watalimaliza. Mkeka utakungoja ulivyouacha.

Kazi za chokaa zipange kati ya Juni na Septemba. Masika yamepungua, kusi inavuma na jua si kali, kwa hiyo plasta hukauka polepole inavyotakiwa. Mbao na vitambaa vifuate Oktoba na Novemba, na nyumba iwe tayari kabla ya wageni wa Desemba. Niru inayopigwa Februari, upepo wa kaskazi ukiingia madirishani, hupasuka ikiwa bado mikononi mwa fundi.

Uhoji ukuta kwanza

Kata karatasi ya nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, uiache saa 24. Fanya hivyo pahali patatu: sentimita 20 kutoka sakafuni, mita 1, na mita 2. Matone yakionekana upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa tu, na dawa yake ni madirisha ya kupitisha upepo.

Maji ya chini peke yake hupanda kutoka kwenye msingi, na mara nyingi sababu ni udongo wa bustani ulioongezwa mwaka hadi mwaka mpaka ukapita usawa wa sakafu. Uchimbe urudi angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Maji ya juu hutoka paani au kwenye tangi. Maji ya katikati, kwa nyumba za siku hizi, mara nyingi ni ya kiyoyozi kinachodondosha ukutani kwa nje. Usimwite mwashi kabla hujayafunga haya.

Unga mweupe unaochomoza ukutani ni chumvi. Usiuoshe, maana maji huuyeyusha ukarudi ndani. Upige brashi kavu, uukinge kwa gazeti chini, uutoe nje, urudie kila baada ya siku tatu nne mpaka upungue.

Nyumba ikiwa ya mawe ya matumbawe na imepigwa plasta ya saruji, pita ukigonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito na fupi. Palipoachana husikika mvungu, kama mtungi mtupu. Saruji haipitishi mvuke. Maji ya ndani hukwama nyuma yake, huacha chumvi, nayo chumvi hukua na kuisukuma plasta pamoja na uso wa jiwe. Pote penye mvungu pabomolewe hadi kwenye jiwe, na anayekushauri upake saruji mpya juu ya pale anakuuzia kazi ya mwaka mmoja. Nyumba ikiwa ndani ya Mji wa Kale, usiguse kitu kabla hujapita ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Eneo hilo linalindwa kisheria, na kazi ya ukutani, madirishani na milangoni huhitaji idhini.

Niru

Niru, ambayo wengine huiita neru, ni chokaa laini inayosuguliwa mpaka ing'ae kidogo, na ndiyo inayofanya chumba cha Pwani kiwe na ule ubaridi unaousikia ukiweka kiganja ukutani. Pesa zikiwa chache, ziende hapa.

Chokaa ya mfuko inafaa, mradi uilaze. Tia maji nusu pipa, mimina chokaa humo ukikoroga mpaka iwe kama mtindi mzito, kisha iache angalau wiki mbili ikiwa na maji ya vidole viwili juu yake. Iliyolala mwezi ni nyororo zaidi na haina haraka ya kupasuka. Ukipata chokaa ya kuchoma ambayo haijazimwa, mwachie mwashi aliyeizoea, kwa sababu inapokutana na maji huchemka. Chokaa hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji juu ya chokaa, na pipa liwe la chuma. Glovu na miwani ni lazima kwa kila anayeigusa. Ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi dakika 15 hapo hapo, kisha aende hospitali.

Mchanga uwe wa mto. Wa bahari una chumvi, nayo ndiyo uliyokuwa ukiiondoa. Upime hivi: tia mchanga nusu ya chupa ya glasi, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Tope hukaa juu ya mchanga. Kwa kila sentimita 10 za mchanga, tope likizidi milimita 6, uoshwe au urudishwe.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 2.8 kwenda juu, kina takriban mita za mraba 36 za ukuta ukishatoa mlango na madirisha. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la plasta, ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, unene wa milimita 10 hadi 12. Utahitaji kama ndoo 9 za lita 20 za chokaa iliyolazwa na ndoo 25 za mchanga. Mkono wa mwisho ni sehemu 1 kwa 1, na mchanga wake upite kwenye wavu wa mbu. Unene ni milimita 3 kwa jumla, na ndoo 5 za kila kimoja zinatosha.

Lowesha ukuta jioni, na asubuhi tena kabla ya kuanza. Jiwe kavu hufyonza maji ya plasta kabla haijashika, na baada ya mwezi utasikia mvungu. Mkono wa kwanza ukishapigwa na kunyooshwa kwa ubao na timazi, uchorwe mawimbi kwa msumari ili wa pili upate kushika. Tundika magunia mabichi madirishani, nyunyizia ukuta asubuhi na jioni kwa siku nne, kisha uuache mpaka zitimie siku saba. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui zinaonyesha kuwa upepo umewahi au chokaa imezidi. Ufa mrefu mmoja unaonyesha kuwa plasta imepigwa nene kwa mara moja.

Mkono wa mwisho hupigwa mara mbili, milimita moja na nusu kila mara, ya pili ikifuata kabla ya kwanza haijakauka. Halafu fundi hungoja, na kungoja huku ndiko kunakomtofautisha fundi na mpiga rangi. Akibonyeza kidole gumba kisiache alama, lakini ukuta bado ukawa baridi na kidole kikatoka na unyevu kidogo, wakati umefika. Mwiko wa chuma usio na kutu hulazwa karibu ubapa na kupitishwa kwa nguvu, safu baada ya safu. Mwanzoni hukwaruza. Baadaye sauti hubadilika, mwiko huteleza na kutoa mlio mwembamba, na uso hugeuka kutoka weupe wa unga ukawa kama ganda la yai. Akiwahi, atachimba. Akichelewa, mwiko utaacha michirizi myeusi isiyotoka. Kwa hiyo ukuta mmoja umalizwe kwa mkupuo mmoja, na fundi awe na mtu wa mkono anayemchanganyia bila kumkatiza.

Siku ya pili au ya tatu, kwaruza nusu mche wa sabuni ya kufulia katika lita 10 za maji moto, yapoe, kisha upake kwa kitambaa na kusugua. Sabuni huungana na chokaa ikawa ngozi isiyopenda maji. Hii inatosha sebuleni na vyumbani. Ndani ya bafu la mvua haitoshi. Huko weka vigae au plasta ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, na niru ianzie nje ya mlango wa bafu.

Jioni kabla ya kumlipa fundi, zima taa zote, ushike balbu moja karibu sana na ukuta ili mwanga upite ubavuni. Kila wimbi litaonekana. Yale yanayoonekana mchana arekebishe. Mawimbi madogo ya mkono yaache, kwani ndiyo uzuri wa kazi.

Ukuta wa matofali ya saruji uliokwisha pakwa rangi ya plastiki haukubali chokaa hivi hivi. Rangi ikwanguliwe, ukuta utobolewe vishimo kila sentimita 3, urushiwe uji wa saruji 1 kwa mchanga mnene 2, ukae siku tatu, ndipo mkono wa kwanza ufuate. Ukitaka rangi, tumia unga wa madini, nyekundu au njano ya udongo, usizidi asilimia 5 ya uzito wa chokaa. Pima kwa mizani, na uchanganye ya chumba kizima kwa siku moja, maana mchanganyiko wa kesho hautalingana na wa leo.

Vidaka na baraza

Kuta za nyumba za kale zina unene wa karibu nusu mita, ndiyo maana ziliweza kubeba vidaka, yale mashubaka ya ukutani ya kuwekea vitu. Ukuta wako huenda una sentimita 15 au 22, nao umebeba slabu. Usiuchimbie vidaka. Jenga vidaka mbele yake, vikiegemea ukuta, kwa mawe membamba ya sentimita 5 yaliyofungwa ukutani kwa vyuma visivyoshika kutu kila baada ya safu moja.

Kipimo kinachokaa vizuri sebuleni ni safu 5 za kusimama na 3 za kulala, kila kidaka kikiwa na upana wa sentimita 36, kimo 40 na kina 18. Pamoja na viambaza vya sentimita 5, vyote huchukua mita 2.1 kwa mita 1.4. Vianzie sentimita 75 kutoka sakafuni. Idadi ya safu za kusimama iwe witiri ili pawe na ya katikati ya kulitulizia jicho. Nyaya za taa zipite kabla ya niru, balbu ziwe za mwanga wa manjano, karibu kelvini 2700, zifichwe juu ndani ya kidaka. Kisha usivijaze vyote. Kidaka kitupu chenye kivuli chake kinapendeza kuliko chenye sanamu tatu. Usiweke humo gamba la kasa ng'amba wala matumbawe ya baharini. Kasa wanalindwa na sheria, na jiwe la matumbawe la kujengea hutoka machimboni nchi kavu, si kwenye mwamba ulio hai.

Baraza ya kukalia iwe na kimo cha sentimita 35 kabla ya mto wa sentimita 10, na kina cha 60. Ya kujinyoosha mchana iwe na kina cha 85. Ndani jaza mawe na kifusi kilichoshindiliwa, si mchanga, ambao hushuka ukaacha uso ukining'inia mpaka uvunjike. Uso hukaliwa na watu wenye mafuta ya jua na maji ya chumvi, kwa hiyo uimarishwe: saruji nyeupe 1, chokaa nusu, mchanga laini 3, usuguliwe vile vile. Kingo ziviringwe kama ubavu wa bilauri, kwa sababu kona kali hupasuka kwa sanduku la kwanza la mgeni. Jikoni usitumie niru mezani. Ndimu, ukwaju na siki hula chokaa na kuacha madoa yasiyofutika.

Dari ya boriti

Miti ya mkoko huuzwa kwa unene, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hesabu yake ni korija, miti 20. Kwa dari ya pambo chini ya slabu, mazio yenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 11 yanatosha na ni mepesi kuliko boriti zenyewe. Mepesi ni neno tu: mti mmoja wa mita 3.7 unakaribia kilo 30, na hakuna plagi ya plastiki itakayoubeba juu ya kitanda cha mtu.

Kwa chumba kile cha mita 4 kwa 3.5, ilaze miti upande mfupi, kati kwa kati sentimita 35, itakuwa 11. Nunua korija moja, chagua iliyonyooka zaidi, inayobaki ikae varandani. Muuzaji akuonyeshe kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Mkoko hukatwa kwa leseni, na mti usio na karatasi usiuingize nyumbani kwako.

Menya magome yote. Ndani yake hujificha dumuzi, na yakilowa hutoa maji mekundu yatakayotiririka kwenye niru nyeupe. Iache miti ikauke kivulini wiki nne, imelazwa juu ya vipande vya mbao ili upepo upite. Kisha ipake mara mbili dawa ya boraksi gramu 600 na asidi ya boriki gramu 400 katika lita 10 za maji moto. Oili chafu ya gari, ambayo bado hupakwa na baadhi ya watu, hunuka miaka na kuchafua dari. Iepuke.

Kila ncha iingie ukutani sentimita 10. Usiishindilie kwa saruji pande zote. Acha nafasi ya kidole nyuma ya ncha ili ipumue, vinginevyo itaoza mahali usipopaona. Katikati ifungwe kwenye slabu kwa bolti za milimita 10 za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari taja daraja la 316, maana lile la 304 huanza kupata madoa. Miti ipande baada ya mkono wa kwanza wa plasta na kabla ya niru, ikiwa imefungwa magazeti.

Mlango na mbao nyingine

Mlango mmoja wa nakshi uliotengenezwa vizuri unatosha nyumba nzima. Milango ya kale iachwe ilipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inailinda, na anayekuletea fremu nzee usiku kwa bei ya kutupa anakuletea kesi. Agiza mpya.

Mbao za asili ya kazi hii ni mvule, mbambakofi na msaji. Mwarobaini na mwembe huota haraka, hupatikana Pwani kote na huchongeka vizuri, ila mwembe upakwe dawa ile ile ya boraksi, kwani dumuzi wanaupenda. Ukiagiza, toa vipimo vya uwazi baada ya plasta kukauka, si kabla: plasta hula sentimita moja na nusu kila upande, na mlango uliopimwa mapema hurudi karakanani.

Mbao zinunuliwe mapema, zipangwe ndani ya nyumba hiyo hiyo wiki sita, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake. Kipima unyevu kisome asilimia 12 hadi 14 kabla ya randa. Unene wa ubao uliokwisha pigwa randa usipungue sentimita 4. Vipande vya ndani vikae huru katika mifereji yao bila gundi, na pande za mlango ziachiwe milimita 3 au 4. Mlango uliobanwa sawasawa mwezi Februari hautafunguka Mei.

Kuhusu nakshi, tazama mfaa, ule mti wa katikati unaofunika kiungo cha pande mbili. Hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana. Pitisha kidole kwenye mashina ya ua linalojirudia. Yaliyochongwa kwa patasi yana ukingo mkali na kina kinachobadilika kidogo. Ya mashine yana kina kimoja na sakafu yenye michirizi ya mviringo. Mwambie mchongaji achonge angalau milimita 8 kwenda chini, kwa kuwa nakshi nyepesi hufunikwa na mafuta na vumbi ikapotea.

Usipake vanishi mlango unaopigwa na jua. Itapasuka na kubanduka, na kuikwangua ndani ya nakshi ni kazi ya wiki nzima. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa: mara ya kwanza nusu kwa nusu na tapentaini, kisha mara mbili matupu, saa 24 kati yake, ukifuta yaliyobaki baada ya dakika 20. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke, au uvizamishe majini. Vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Misumari ya pambo, komeo na bawaba ziwe za shaba. Shaba hufifia, lakini ndimu na chumvi huirudisha. Chuma hulia machozi mekundu juu ya nakshi.

Mbao za majahazi makuukuu hupendeza mezani. Zioshe kwa maji ya bomba mara tatu, zikauke wiki kadhaa, na utafute kila msumari uliovunjikia ndani kabla msumeno haujaukuta.

Vitanda, mikeka, leso

Samadari, kile kitanda cha nguzo, ya futi 6 kwa 6 isifungwe kamba. Huzama katikati, wageni wawili wakaamka wamekumbatiana bila kutaka. Weka chaga za mbao chini ya godoro, nguzo ziwe na sentimita 210 ili chandarua kining'inie bila kugusa uso. Kamba iende kwenye kitanda cha varanda cha sentimita 190 kwa 90. Ukisuka kwa nafasi ya sentimita 2, andaa karibu mita 190 za kamba ya makumbi. Ivutishe kwanza kwa kutundika jiwe siku nzima, na uikaze tena baada ya wiki mbili za kulaliwa.

Mkeka mzuri ni wa ukindu, uliosukwa kwa ukili mwembamba. Ukunje kona: ukivunjika, ukindu umezeeka kabla ya kusukwa. Lowesha kitambaa cheupe usugue rangi. Ikihamia kitambaani, itahamia pia kwenye miguu ya watoto.

Leso zichaguliwe Biashara Street, nazo huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili pamoja. Kipande kimoja ni karibu mita 1.5 kwa 1.1. Dirisha la upana wa mita 1.2 linataka kitambaa mara mbili, kwa hiyo doti moja inatosha ikiwa kimo hakizidi mita moja. Leso zifue kwanza kwenye maji baridi yenye chumvi, zisinyae na kutoa rangi yake kabla hazijashonwa, kisha zitiwe bafta, kitambaa cheupe cha pamba, nyuma, bila hivyo jua litazipausha kwa msimu mmoja. Jina la leso lisikatwe wala kugeuzwa juu chini. Na lisomwe kabla ya kununua: yapo majina ya mafumbo na ya kusutana ambayo hungependa mgeni wako ayaone juu ya kitanda.

Kwa vinyago, bakuli na vijiko vya mbao, wachongaji wa ushirika wa Akamba wako Changamwe, na Bombolulu kuna karakana za mafundi wenye ulemavu. Enda mwenyewe na vipimo vya vidaka vyako.

Kuelewana na fundi

Kabla ya niru, mlipe fundi apige kipande cha mita moja kwa moja, kikauke wiki moja, kisha mwandikiane kuwa ukuta wote utakuwa kama hicho. Vifaa nunua mwenyewe. Kazi ilipwe kwa hatua zinazoonekana kwa macho, na sehemu ya mwisho, kama moja ya tano, ibaki mpaka ukuta utimize mwezi bila mvungu. Kwa mchongaji ni tofauti kidogo: yeye hununua mbao, kwa hiyo malipo ya mwanzo ni makubwa, nawe una haki ya kuziona zikikauka. Mchoro mpe wa kipimo kamili, umechorwa kwenye karatasi ya ukubwa wa ubao wenyewe. Picha ya simu haina vipimo, na fundi mwenye heshima atachonga alichokiona humo. Usimharakishe ngwe ya mwisho. Kazi ya siku sita ikifanywa kwa siku tatu kwa ajili ya wageni wa Krismasi, Januari utamwita tena.

Ukifunga nyumba, magodoro yasimamishwe ubavuni, mikeka ikunjwe ikiwa kavu kabisa na kuinuliwa kutoka sakafuni, milango ya makabati ibaki wazi. Mtunza nyumba afungue madirisha ya pande mbili zinazoelekeana mara mbili kwa wiki, kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka, na ayafunge kabla ya magharibi.